Mikato Miwili

21 Aprili

Naanza kuandika leo kwa sababu watu mashuhuri huandikwa na wengine, na mimi bado sijampata wa kuniandika. Daftari nimepewa bure na ushirika wa wakulima. Jalada lina picha ya chenza linalocheka. Nimelichorea masharubu.

Jina: Hyeon Du-man. Umri: miaka kumi na minane. Kazi: mpiga picha wa ndege, bora kuliko wote upande wa kusini wa kisiwa cha Jeju, na wa kaskazini sijaona aliyejitokeza kubisha. Shule ya ufundi niliiacha mwaka wa pili. Mwalimu wangu husema shule ndiyo iliyoniacha. Tuseme tuliachana kwa amani. Mchana namsaidia Baba kwenye shamba la machenza. Muda unaobaki wote ni wa kamera.

Mvua ya kangaga imeanza, ile ndogo ndogo ya kila Aprili, na kina mama wamepanda mlimani na magunia kuchuma machipukizi ya kangaga. Ndege wa majira haya huja nyuma ya mvua hii, kutoka kusini, juu ya bahari, wamechoka hoi. Mimi nawangoja kama mwenye nyumba.

25 Aprili

Mvua. Nimepiga picha shomoro kumi na mmoja. Nimewafuta wote.

30 Aprili

Amefika yule mdogo wa buluu mwenye tumbo jeupe. Kakaa juu ya ukuta wa mawe meusi sekunde nne tu. Picha thelathini na mbili, sita kati yake kali kama wembe. Nilimwonyesha Baba tukiwa mezani. Akatazama, akasema huyo ndege ana njaa, na mimi nile upesi tukapulizie dawa. Huyo ndiye mhakiki ninayeishi naye.

3 Mei

Amerudi.

Nilikuwa bado kitandani simu ikalia. Shangazi Ok-ja. Huwa hasalimii kwenye simu, anaona salamu zinamaliza betri. Akasema, "We Du-man, lete hilo bomba lako," akakata. Bomba ni lenzi yangu. Nimemweleza mara mia.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Shamba lake na letu yanatenganishwa na korongo, lile linalokuwa kavu mwaka mzima na kujaa siku mvua kubwa ikija kutoka mlimani. Kingo zake zina miti iliyosongamana mpaka jua halifiki chini, na humo ndimo anamoishi yule ndege mkia-mrefu kila kiangazi. Nimemkuta Shangazi amesimama ukingoni na buti za mpira, kidole juu, kama anamsikiliza mtu simuni. Kukawa kimya. Halafu ikaja ile sauti: filimbi mbili za kupanda, kisha hoi-hoi-hoi.

Shangazi akarudi jikoni, akachukua kalamu, akaandika kwenye kalenda ya ukutani: 3 Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi, amefika. Kalenda za miaka kumi na miwili zimening'inia kwenye msumari huohuo, moja juu ya nyingine. Alianza mwaka aliofiwa na mumewe. Anasema siku ya msiba ua lilijaa watu wa kumpa pole, na mkia-mrefu peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake, na kwamba hilo ndilo lililomfaa.

Nimempata dume saa tatu. Kichwa cheusi, pete ya buluu kuzunguka jicho, na mkia mara tatu ya mwili wake, unapepea nyuma kama utepe. Picha mia mbili na tisa. Majani kila mahali. Jani mbele ya jicho, jani mbele ya mkia. Korongo lile ni zuri kwa ndege na baya kwa wasanii.

9 Mei

Machenza yametoa maua. Kijiji kizima kinanukia kama sabuni ya bei kubwa.

Shangazi alikuja kula mchana, na yeye na Baba wakaanza tena. Mambo ni hivi. Septemba iliyopita tufani ilijaza korongo, maji yakapanda upande wetu, yakabomoa mabanda mawili ya nailoni ya Baba na machenza yake ya mapema. Sasa ofisi ya wilaya inataka kulifanya korongo mfereji wa saruji. Baba ametia sahihi. Shangazi hakutia, kwa sababu kabla ya saruji watakata miti yote ya kingo mbili.

Baba alisema ndege ana mabawa, atahamia kwingine, lakini mabanda hayana. Shangazi akasema ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, akimwaga supu anataka meza ikatwe miguu. Nikacheka, wote wawili wakanigeukia, nikaacha. Halafu wakagawana samaki wa mwisho, kichwa kwake, mkia kwake, kama kawaida yao.

20 Mei

Siri kubwa. Wamejenga.

Shangazi ndiye aliyekiona kiota, na amenionyesha mimi tu. Kiko ukingoni upande wake, kwenye panda ya tawi jembamba, juu kidogo ya kichwa changu. Kikombe kidogo cha nyuzi za magome, kimefungwa kwa utando wa buibui, na juu yake majani yamefunika kama mwavuli. Bila kuonyeshwa ungepita mara hamsini.

Anataka picha za kuipelekea ofisi. Mkia-mrefu analindwa na sheria. Akithibitika anazalia hapa, mfereji unasimama. Ofisi imemjibu kwamba picha inaweza kupigwa popote, hivyo watamtuma afisa aone kwa macho yake, tarehe 14 Juni. Mpaka siku hiyo kiota kiwe na watoto ndani.

Akanipeleka kwenye kibanda chake cha zana. Kutoka dirishani mpaka kiota ni hatua ishirini na mbili, nimezihesabu kwa macho. Akasema, "Utapigia hapa. Bomba lako lifike, miguu yako ibaki." Nikasema sawa. Akasema sawa hiyo hajaipenda, niseme nyingine. Nikasema, "Nimekuahidi, Shangazi."

27 Mei

Kikundi chetu cha wapiga picha mtandaoni kina watu elfu mbili, wengi wazee wa bara wenye pensheni. Mkuu wao ni Daktari Seo, daktari wa meno mstaafu wa Seoul, mwenye lenzi ya thamani ya gari. Kila masika anakuja Jeju na kofia yake ya majani ya bandia. Mwaka jana aliniita "fundi" mbele ya watu, na nimetembea na neno hilo mwaka mzima.

Nimetuma picha yangu: dume yumo kiotani, analalia mayai. Kwa ndege hawa baba naye hulalia, mkia wote unaning'inia nje. Sikusema ni wapi. Daktari Seo akaandika kwamba nina jicho, lakini kiota kimezibwa, na kwamba wao huwa wanasafisha kidogo.

Kusafisha ni kukata vijitawi vilivyo mbele ya kiota ili kionekane. Wengi wanafanya. Wengi wanasema hawafanyi.

Nikazima simu.

2 Juni

Vitunguu saumu vya jirani vinavunwa. Nimesaidia, mgongo unaniuma. Jike kalalia asubuhi, dume kalalia mchana. Jani lilelile.

6 Juni

Wameangua. Makinda wanne, midomo ya manjano. Shangazi ameandika kwenye kalenda, akanipa tonge la wali wa shayiri kwa mkono wake kama mtoto mdogo. Nimelila.

8 Juni

Leo nina mengi.

Shangazi alikwenda mjini kwa daktari wa magoti. Basi la saa mbili, kurudi la saa tisa. Jua lilikuwa kali na hewa imetulia, mwanga unaoupata mara mbili kwa mwaka. Nilikaa kibandani saa nzima. Dume anakuja na mdomo umejaa, makinda wanainua vichwa, na mimi naona nusu ya kichwa kimoja na jani. Wote wako hapo na picha haipo.

Nikawaza: jani moja. Nikawaza pia kwamba picha safi itamsaidia Shangazi kwa ofisi. Hilo nililiwaza baadaye kidogo, nikiwa tayari nimesimama.

Mkasi wa machenza ninao kiunoni mwaka mzima. Nikatembea zile hatua ishirini na mbili. Ndege walipiga kelele, nikasema naam, nimesikia, dakika mbili tu. Nikakata kijitawi kimoja, kikabaki kingine. Nikakata cha pili, cha tatu. Nilikata saba. Mwavuli wote ukawa chini, nikausukumia korongoni kwa mguu.

Nikarudi kibandani. Dume alichelewa dakika kumi na mbili. Akaja. Nuru ikampiga kwenye pete ya jicho, mkia ukajikunja kama mwandiko, makinda wanne wamefungua midomo kwa pamoja, hakuna jani, hakuna kivuli. Nikashika kitufe. Picha mia nne. Namba 217 sijawahi kuona kitu kama hicho, na nimeipiga mimi.

Nikacheka peke yangu kibandani. Nasema ni furaha.

9 Juni

Namba 217: waliopenda, mia nane thelathini. Daktari Seo ameandika neno moja: "Bwana." Si fundi tena, ni bingwa. Nimesoma mara nyingi.

10 Juni

Jua kali. Makinda wanahema midomo wazi saa sita. Jike amesimama juu yao ametandaza mabawa, hakwenda kutafuta chakula. Kesho nitafikiria kufunga jani la bandia.

11 Juni

Leo hakuna kitu.

13 Juni

Niliandika uongo. Daftari ni langu na bado nililidanganya.

Juzi nilifika kibandani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Shangazi alikuwa ndani, mgonjwa. Kunguru alikuwa kwenye tawi, kando ya kiota, anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayechagua samaki sokoni. Wazazi wawili wanamshambulia, wanagonga mgongo wake, wadogo kama vidole. Kunguru hakuwajali. Kwa nini awajali, kiota kilikuwa kimewekwa wazi kama sahani.

Hatua ishirini na mbili. Ningefungua mlango kwa kishindo angeruka. Ningepiga kelele angeruka. Jiwe, kofia, chochote.

Nilipiga picha.

Jicho lilikuwa kwenye kamera na kidole kikafanya kinachokijua. Kinda wa kwanza, wa pili. Nilirekebisha mwanga. Naandika hili ili nisije nikasahau baadaye na kujihurumia: nilirekebisha mwanga. Alipombeba wa nne ndipo niliposimama, na kunguru alikuwa ameshamaliza.

Picha kumi na nne. Zote kali.

Dume alirudi na mdudu mdomoni. Akakaa ukingoni mwa kiota, akatazama ndani. Akaruka, akarudi na mdudu yuleyule. Alifanya hivyo mara nyingi, sikuhesabu, mimi ninayehesabu kila kitu.

Kesho afisa anakuja. Shangazi ana mafua tangu arudi mjini, hajatoka kitandani. Kaniuliza kwa simu, hawajambo? Nikasema hawajambo.

14 Juni

Afisa alikuwa kijana mwenye miwani na viatu visivyofaa. Shangazi alitangulia, amefunga kitambaa shingoni, sauti imemkauka. Baba alikuja pia, kwa kuwa shamba lake linahusika, na mzee mmoja wa kamati ya kijiji. Mimi nilibeba stendi ya kamera. Sijui kwa nini niliibeba. Ili mikono iwe na kazi.

Shangazi alipofika pale alinyoosha kidole, kidole kikabaki juu. Kiota kimeinama upande, kitupu. Afisa akapiga picha na simu, akasema pole, lakini ofisi inahitaji kiota chenye uhai. Bila hicho kazi ya mfereji itaanza Agosti. Akasema kama kutatokea kingine kabla ya katikati ya Julai wamwite.

Shangazi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amevuta tawi karibu na macho yake. Akatazama kikonyo kimoja, cha pili, cha tatu. Akashuka korongoni na magoti yake yale, akaokota kijitawi kilichokauka, akatazama ncha yake.

Akasema, "Huyu si mtu wa kamera. Huyu ni mtu wa machenza."

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Sisi tunaochuma machenza tunakata mara mbili. Mkato wa kwanza unaliachia tunda kikonyo kirefu, wa pili unakipunguza mpaka kwenye ganda, ili lisichome mengine kikapuni. Unafundishwa ukiwa na miaka saba, na ukishafundishwa mkono hauulizi tena. Mtu wa bara angekata mara moja akaenda zake. Mimi kila kijitawi nilikikata kirefu, halafu nikakirudia, pa, pa, nadhifu, mara saba. Niliacha sahihi ya kijiji kizima.

Na kijijini mwenye shida na kiota hiki alikuwa mmoja.

Shangazi akamgeukia Baba, akamwambia angemwomba tu, angemwambia usoni, lakini kuja kwa siri kuua watoto ili wapate saruji, hilo hakulitegemea kwa mtu waliyenyonya naye ziwa moja. Baba akawaka. Akasema hajakanyaga upande ule tangu Machi, aulizwe yeyote, akaapa kwa kaburi la Babu. Shangazi akamtupia kile kijitawi kifuani, akamwambia asome.

Baba akakidaka. Akakigeuza kwenye kiganja. Akakigeuza tena.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nilipokuwa na miaka kumi Baba alipanda basi mpaka mjini kuninunulia mkasi wa mashoto, kwa kuwa ule wa kawaida ulinitoa malengelenge. Ni mmoja tu kijiji kizima, na mkato wake unainamia upande wa pili.

Aliacha kusema katikati ya neno. Hakunitazama. Akakitia kijitawi mfukoni, akasema polepole kwamba kama dada yake ameshaamua, basi. Akaondoka. Shangazi akaona amekiri, mzee wa kamati akaona, hata afisa na viatu vyake.

Nami nikakunja stendi.

16 Juni

Dukani watu walikuwa wanacheka. Baba alipoingia wakanyamaza. Alinunua tambi na chumvi.

17 Juni

Nimefuta namba 217. Daktari Seo akauliza kulikoni, nikamwambia nilisafisha na watoto wamekufa. Akajibu kwamba hutokea, kijana, maumbile ni makali. Nilitaka sana kumwamini. Kunguru hana mkasi.

19 Juni

Mvua za Juni zimeanza. Tulikuwa ghalani, Baba ananoa mikasi. Alinoa wake, akanoa wa kwangu, akanipa kwa upande wa mpini. Nikashindwa kuupokea.

Nikamwuliza kwa nini hasemi.

Alinoa mkasi wa tatu mpaka mwisho ndipo akajibu. "Mimi wananijua. Watanikasirikia, mwisho watachoka. Wewe una miaka sitini ya kuishi nao." Halafu akasema, "Na siwezi kusema kwa niaba yako. Mdomo unao. Tangu uzaliwe hatujawahi kuutafuta."

Alisema kama utani, nusu. Nilitamani anipige.

20 Juni

Sikwenda kwa Shangazi.

21 Juni

Sikwenda.

22 Juni

Nilifika mpaka kwenye ukuta wake. Mbwa alinifurahia. Nikarudi.

25 Juni

Jana ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Babu. Siku hizi tunafanya mapema, jua likizama, si usiku wa manane kama zamani. Mama alipanga meza: samaki, nyama ya mishikaki, keki za mchele, machenza ya banda la jirani, kwa sababu yetu tufani iliyachukua. Kila mwaka Shangazi ndiye anayewasha uvumba baada ya Baba. Tulimngoja, hakuja. Baba aliuwasha, akakaa na kibiriti mkononi muda mrefu, kisha akasujudu. Mtu aliyeapa kwa kaburi lile, akasema kweli, akaaibishwa, na sasa anaomba radhi mbele yake kwa niaba yangu. Nilijua anaomba nini. Nilisujudu nyuma yake, paji la uso mkekani, nikatamani mkeka unimeze.

Kwetu chakula cha kumbukumbu kinagawanywa kwa vichwa. Kila mtu ana fungu lake, sawa na la mwenzake, hata mtoto wa mwezi mmoja, hata aliyekasirika. Asubuhi hii Mama alifunika fungu la Shangazi, akanipa nilipeleke.

Alifungua mlango nusu. Akaona sinia. Akasema nimrudishie baba yangu, nimwambie yeye hali mkononi mwa mtu asiyekuwa na aibu.

Nikasema, "Basi usile mkononi mwangu."

Akaniuliza nini. Nilikuwa nimepanga maneno siku kumi, mengine mazuri kweli, yote yakakimbia. Nikasema, "Ni mimi, Shangazi. Nilikata mimi. Nilitaka picha." Nikamwambia na kunguru. Nikamwambia na zile picha kumi na nne. Mvua ilikuwa inanidondokea shingoni na sinia lilikuwa zito.

Akaufungua mlango wote.

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomtupia kile kijitawi."

Akashika mwimo wa mlango, akakaa chini taratibu, pale kizingitini, na magoti yake. Hakulia. Alikuwa anatazama buti zake. Akasema, siyo kwangu, "Na mimi nikamwambia tulinyonya ziwa moja."

Kisha akanyanyuka, akaingia jikoni, akaniita. Akatoa kalenda ukutani, akaifunua Juni. Tarehe 11 ilikuwa wazi. Akanipa kalamu, nami nikaipokea kwa mkono wa kulia, kama mtu anavyopokea kwa mkubwa. Akasema, "Kwa mkono uleule."

Nikahamisha kalamu. Nikaandika: makinda wanne, kunguru, Hyeon Du-man alikata majani. Maandishi yangu mabaya, na kiboksi cha tarehe ni kidogo. Alisimama nyuma mpaka nukta ya mwisho.

Halafu akavaa koti la mvua, akachukua sinia lake, akalibeba mwenyewe kijiji kizima, kifua mbele, akipita dukani polepole ili wamwone anakoelekea. Nilimfuata mbali kidogo. Alipofika kwetu hakubisha hodi. Nilibaki uani. Nilisikia vijiti vya kulia tu, muda mrefu, watu wawili wanakula fungu moja.

28 Juni

Dukani wananyamaza nikiingia mimi. Sasa ni sawasawa.

Kamera nimeifunga kwenye mfuko wake. Hakuna aliyeniambia niifunge.

9 Julai

Afisa alikuja tena, na buti za mpira safari hii. Mimi nilikuwa shambani. Nimesikia mambo kwa Mama.

Mkia-mrefu wamejenga tena. Ndege waliopoteza watoto mapema hujaribu mara ya pili. Aliyekiona kiota ni Baba, siku kumi zilizopita, akizibua mtaro. Angeweza kunyamaza wiki mbili tu, Agosti ingefika, saruji ingemwagwa, mabanda yake yangekuwa salama. Aliacha jembe palepale akaenda kumwita dada yake.

Afisa ameona. Mfereji umesimamishwa. Baba ameanza kupanga mifuko ya mchanga upande wetu, moja moja, kabla ya Septemba. Nambebea.

12 Julai

Mvua zimekatika. Leo tulipunguza matunda, yaani kutoa machenza mabichi madogo ili yaliyobaki yanenepe. Shangazi alikuja kusaidia. Tulikuwa watatu kwenye mstari mmoja, mimi mwishoni, mikasi inalia.

Kiota kiko wapi sijui. Baba anajua, Shangazi anajua, afisa anajua, nadhani hata mbwa. Mimi nimeambiwa kwamba kipo. Mtu aliyekuwa akijisifu kwamba hakuna ndege atakayetua kusini mwa mlima bila yeye kumwona, sasa ndiye pekee asiyeambiwa, na sijauliza.

Karibu na saa nne ikasikika, si mbali: filimbi mbili, kisha hoi-hoi-hoi. Mikasi miwili ikanyamaza. Nilijua bila kutazama kwamba vichwa vyao vimeanza kuinuka, halafu vikasita, kwa sababu nipo, na macho yao yangenionyesha njia.

Wakabaki wanatazama chini, wazee wawili, kwenye shamba lao wenyewe.

Nikageuka nikawapa mgongo, nikaendelea kukata, ili watazame.